Regulata ndo inamaliza betri, sio kifaa chako

Vijana wanaotengeneza vipimajoto vya shambani, hasa wale wa viazi kule Makete na Njombe ambako mwezi wa sita na wa saba sakitu ya usiku mmoja inaunguza majani yote, wananiuliza swali lile lile: nimeweka betri nzima ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara), kifaa kinaamka kila robo saa kinapima kinalala, sasa mbona wiki ya tatu betri chali? Kifaa hakina kosa jamani, angalieni regulata, ile chipu inayoshusha volti za betri na kuzituliza.

Wengi mnafunga regulata ya AMS1117 kwa sababu ndo imejaa kwenye bodi za bei rahisi. Ile chipu hata isipolisha kitu inakula kama miliampia 5 yenyewe tu. Chukua betri ya miliampia-saa 2500 gawa kwa 5 unapata masaa 500, siku 20 na kidogo, na hapo kipimajoto hakijaonja kitu. Afu inataka karibu volti 1 juu ya zile inazotoa, sasa ili upate 3.3 kamili utaitoa wapi na lithiamu ikijaa kabisa ni 4.2?

Regulata nyingine, MCP1700, inakula maikroampia 1.6 hivi. Hiyo ndo ya kufunga, ila mwisho wake ni miliampia 250, kwa hiyo chipu ya ESP32 ikiwasha WiFi itaishinda, na volti za kuingia zisizidi 6, betri ya pikipiki usiisogeze hapo. Wengine watakwambia weka buck, ile ya kushusha volti kwa kuwasha na kuzima haraka haraka. Kutoka 12 kwenda 3.3 sawa, maana regulata ya kawaida hapo inakupa asilimia 27 tu ya umeme, nyingine yote joto. Ila kutoka 3.7 unapata asilimia 89, buck ya nini tena, na nyingi zina ulaji wao zikiwa zimekaa tu.

Mimi nikiweza naitoa regulata kabisa. Chipu ya kuendesha kifaa, ATmega328P ya 8 MHz, inakubali volti 2.7 hadi 5.5, kihisi joto cha DS18B20 kinakubali 3.0 hadi 5.5, kwa hiyo vyote vinakaa kwenye lithiamu moja kwa moja. Kinachogoma ni redio kama nRF24L01, inaishia 3.6, hiyo peke yake ndo ipewe MCP1700.

Taa ya LED ya pawa ing'oe. Zile rezista mbili za kupimia betri ukiweka za kilo-omu 10 kila moja zinavuja miliampia 0.2 mchana na usiku, karibu miliampia-saa 5 kwa siku! Weka za mega-omu 1 na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ya kusomea, usomaji utatulia.

Kwa wenye paneli ya sola huku kwetu kwenye baridi naomba mnisikilize vizuri: lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, inaharibika ndani na hairudi. Na asubuhi ya sakitu jua linaipiga paneli wakati boksi bado limeganda, chaji inaanza pale pale. Chipu ya kuchajia ya TP4056 ina mguu wa kuangalia joto, mguu namba 1, ila kwenye moduli za bei rahisi wameuunganisha na negativu kwa hiyo hauangalii chochote. Uinue, uunganishe na thamista (rezista inayobadilika na joto) iliyobanwa kwenye betri yenyewe, pamoja na rezista za kuweka kikomo, na chaji itasubiri mpaka betri ipate joto.