Ubora wa hewa mjini: maana yake na uhusiano wake na usafiri wa Kampala

Ubora wa hewa ni kiwango cha usafi wa hewa tunayoivuta, kinachojulikana kwa kupima kiasi cha vitu vyenye madhara vilivyomo katika hewa ya mahali fulani kwa muda fulani. Macho hayatoshi kuupima, kwa sababu moshi mweusi unaotoka kwenye bomba la lori kuukuu ni sehemu ndogo ya tatizo. Kinachoogopwa zaidi na wataalamu wa afya ni chembe laini ziitwazo PM2.5, ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, yaani zaidi ya 20 zingeweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, lakini chembe hizi hufika ndani kabisa ya mapafu na nyingine hupenya hadi kwenye damu, ndiyo maana zinahusishwa na pumu, kiharusi, magonjwa ya moyo na saratani ya mapafu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na kwa siku moja likaweka 15. Wastani wa mwaka wa Kampala umekuwa mkubwa mara kadhaa kuliko kiwango hicho. Jiji limejengwa juu ya vilima na katika mabonde yaliyo kati yake, na usiku unapokuwa mtulivu hewa baridi hutuama bondeni na kuuzuia moshi usipande. Kwa hiyo mkazi wa Bwaise, mtaa ulio bondeni, anayetoka alfajiri kwenda kazini hukutana na moshi wa jana wa majiko ya mkaa na takataka zilizochomwa, na juu yake huongezwa moshi wa magari ya asubuhi. Misimu ya kiangazi huzidisha hali hiyo kwa vumbi la barabara za udongo, na mvua ikinyesha hewa husafika kwa muda.

Mambo haya yanajulikana kwa sababu yamepimwa. Mradi wa AirQo, ulioanzishwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Makerere, hutengeneza vipimaji vya bei nafuu ambavyo hutumia mwanga kutambua chembe zilizomo katika hewa inayovutwa ndani ya kifaa. Vingine vimefungwa kwenye majengo na nguzo, na vingine vimewahi kubebwa na boda boda ili vipime hewa ya barabarani kwenyewe. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, imeshirikiana na mradi huo, na hatua hiyo inastahili sifa, kwa kuwa bila vipimo hakuna anayeweza kusema kama barabara iliyotiwa lami au mtaa uliofungiwa magari umeleta nafuu yoyote.

Hata hivyo, kipimaji hakisafishi hewa, na hapo ndipo usafiri wa umma unapoingia. Taksi ya Kampala, yaani basi dogo la abiria, lile jeupe lenye miraba ya buluu, imeruhusiwa kubeba abiria 14. Ikifika steji hungoja mpaka ijae, mara nyingi injini ikiwa inawaka huku kondakta akiita watu, kisha hujiunga na msongamano ambamo kila kusimama na kila kuondoka huchoma mafuta bila kusogea sana. Basi kubwa moja likijaa huchukua abiria wa taksi tatu au nne kwa injini moja. Kwa hiyo swali la msingi katika kupanga hewa ya jiji ni hili: kila abiria mmoja anayefikishwa kazini ameacha moshi kiasi gani nyuma yake? Ukilitazama jambo hivyo, gari dogo lenye mtu mmoja ni mzigo mkubwa kuliko taksi inayolaumiwa kila siku, na naona si haki kuwabebesha madereva wa taksi lawama yote.

Mafuta nayo yamerekebishwa. Tangu mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini gari lililokwisha kuingia hubaki barabarani kwa miaka mingi, na lisipokaguliwa na kutengenezwa, mafuta bora hayawezi kuziba upungufu wa injini iliyochoka.

Mabasi makubwa yalijaribiwa Kampala mwaka 2012 na hayakudumu, ilhali Dar es Salaam ilianza mwendokasi wake mwaka 2016 kwa kuyapa mabasi njia zake yenyewe. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa basi linalokwama katika foleni moja na magari mengine halimpi mtu sababu ya kuacha gari lake nyumbani. Mabasi ya umeme ya Kayoola, yanayotengenezwa na kampuni ya serikali ya Kiira Motors, yana faida ya pekee hapa nchini, kwani umeme wa Uganda hutoka zaidi kwenye mabwawa ya mto Nile, na basi la namna hiyo halihamishii moshi wake kwenye mtambo wa mbali. Kwa wale wanaokwenda kwa miguu, ambao ni wengi sana, KCCA imetengeneza njia ya watembea kwa miguu na baiskeli katika Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum. Kazi hiyo ni ndogo kwa ukubwa wa jiji, lakini imewalenga watu wanaovuta moshi wa wengine bila kutoa wao wenyewe.

Kikwazo kikubwa ni mipaka ya madaraka. KCCA inasimamia tarafa tano, yaani Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Lubaga, lakini wafanyakazi wengi wa jiji hulala katika wilaya jirani za Wakiso na Mukono, na taksi zinazowaleta huvuka mipaka hiyo asubuhi na jioni. Njia ya basi inayoishia mpakani mwa tarafa haimfai abiria wa Kira au Nansana, miji ya Wakiso, kwa hiyo mpango wa usafiri unaokusudia kusafisha hewa unapaswa kuandaliwa kwa Kampala Kubwa yote, yaani jiji pamoja na wilaya hizo jirani, ukiwa na bajeti moja na msimamizi mmoja anayewajibika.