Nguvu za viungo kwenye programu ya uchanganuzi wa jengo: ni nini, na zinasomwaje

Ukishamaliza kuchora fremu ya jengo kwenye STAAD.Pro, SAP2000 au programu nyingine ya aina hiyo na kubonyeza kitufe cha kuchanganua, unapata jedwali refu la tarakimu. Kila mstari wake unahusu kiungo kimoja, yaani bimu, nguzo au fito ya kenchi, na unaeleza kinachotokea ndani yake: kinavutwa au kinabanwa, kinakatwa, kinapindwa, kinasokotwa. Hizo ndizo nguvu za viungo. Ni tofauti na mizigo uliyoiweka wewe, na ni tofauti na nguvu zinazopokelewa na msingi. Ndizo zinazoamua ukubwa wa bimu na idadi ya nondo.

Kwa fremu ya pande tatu, kila ncha ya kiungo ina tarakimu 6: nguvu 3 na momenti 3 (athari za kupinda au kusokota). Zote hupimwa kwa mihimili (mistari mitatu ya mielekeo) ya kiungo chenyewe, si ya jengo zima. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Nguzo ya milimita 230 kwa 450 ikizungushwa nyuzi 90 kwenye modeli, macho huenda yasione kosa, lakini ukakamavu wake (ugumu wake wa kupindika) katika upande mmoja hubadilika karibu mara 4, na momenti uliyodhani ni ya upande mpana inakuwa ya upande mwembamba. Washa mihimili ya viungo kwenye skrini kabla hujasoma chochote.

Alama nazo zina mambo yake. Katika SAP2000 nguvu chanya ya urefu (inayofuata urefu wa kiungo) maana yake kiungo kinavutwa. Katika jedwali la ncha za viungo la STAAD, chanya kwenye ncha ya mwanzo ni kubanwa, na kwenye ncha ya mwisho ni kuvutwa. Mtu aliyehama kutoka programu moja kwenda nyingine anaweza kusanifu fito inayobanwa kana kwamba inavutwa, akasahau kabisa hatari ya fito hiyo kubetuka pembeni. Dawa ni rahisi: weka nguzo moja, ipe mzigo wa kilonyutoni (kN) 10 kutoka juu, uone programu inaandika nini.

Sasa tuchukue bimu moja. Ina urefu wa mita 6 na mzigo wa kilonyutoni 20 kwa kila mita. Ikiwa imeegemea tu kwenye ncha zake, momenti ya katikati ni wL²/8 (w ni mzigo kwa mita, L ni urefu), yaani 90 kNm, na nguvu ya kukata kwenye kila ncha ni 60 kN. Ikiwa imeshikwa barabara pande zote mbili, ncha zinapata 60 kNm na katikati 30. Jumla bado ni 90, na haibadiliki hata ncha zikishikwa nusunusu: ncha moja ikionyesha 60 na nyingine 40, wastani wake ni 50, basi katikati lazima isomeke 40. Isiposomeka hivyo, kuna kitu.

Mara nyingi kitu hicho ni uzito wa bimu yenyewe. Zege la milimita 250 kwa 500, kwa uzito wa 25 kN/m³, linaongeza karibu 3.1 kN/m, na 90 yako inakuwa kama 104. Kama uzito huo ulikuwa tayari umeuhesabu ndani ya ile 20, umeuingiza mara mbili. Jumlisha nguvu za wima kwenye misingi, ulinganishe na mzigo uliokokotoa kwa mkono. Tofauti itajitokeza hapo hapo.

Angalia pia programu inasoma wapi. Momenti ya 60 kNm ya bimu iliyoshikwa barabara iko katikati ya nodi (pale viungo vinapokutana), ndani ya nguzo. Nguzo ikiwa na upana wa milimita 400, kwenye uso wake momenti imeshuka hadi karibu 48. Baadhi ya programu huripoti usoni, nyingine kwenye nodi, na nyingi huacha uchague. Na ukiagiza vituo (sehemu za kusomea) 3 tu kwa kila bimu, mzigo mzito uliokaa robo ya urefu utapita bila kilele chake kuonekana. Vituo 9 au zaidi havigharimu kitu.

Grafu ya upeo wa kombinesheni (michanganyiko ya mizigo) zote ni nzuri kwa bimu, lakini kwa nguzo inadanganya. Tuseme nguzo ya zege ya 300 kwa 300, zege la 25 N/mm², ina kombinesheni mbili: ya kwanza 900 kN na 30 kNm, ya pili, yenye upepo, 250 kN na 80 kNm. Ukioanisha 900 na 80 unasanifu hali ambayo haijawahi kutokea. Ukichagua mstari wenye nguvu kubwa zaidi, utaweka nondo chache na nguzo itashindwa kwenye ule wa pili, kwa sababu mbano mdogo hausaidii tena kupunguza mvuto upande mmoja wa nguzo. Kwa hiyo chapisha kila kombinesheni kwa mstari wake, nguvu na momenti za wakati mmoja, na uikague nguzo kwa kila mstari.