Je, wajua kwanini albamu ya kuachwa ya No Doubt inakuchezesha hivi?

Wiki iliyopita nimeirudia Tragic Kingdom, albamu ya bendi ya Marekani No Doubt, yote, nyimbo 14 mfululizo bila kuruka hata moja, na kuna swali halijatoka kichwani tangu siku hiyo. Hii albamu ni ya mtu aliyepigwa kibuti. Dada wa watu, mwimbaji wao Gwen Stefani, kaachwa na mwanaume aliyekuwa naye miaka 7, anamlaumu, anambembeleza, anamuuliza kama sasa roho yake imetulia, na muda wote huo mguu wako wewe unayesikiliza uko chini unagonga sakafu na mabega yanaruka yenyewe. Tarumbeta zinalia kama tuko harusini. Sasa inakuwaje?

Watu wengi watakwambia walificha huzuni ndani ya mziki wa furaha. Mi sikubaliani kabisa. Ukiifuata historia ya hii bendi unaona mdundo ulikuwepo miaka mingi kabla, uchungu ulikuja baadaye ukakuta nyumba nzima inaongea lugha moja tu, na ikabidi uongee hiyohiyo.

Tuanzie Anaheim, California, 1986. Huko ndo Disneyland ilipo, kwenye wilaya inaitwa Orange County, zamani ilikuwa mashamba ya michungwa. Eric Stefani, kijana anayepiga kinanda, kapenda sana mziki wa ska wa Waingereza, hasa bendi ya Madness, akamvuta na mdogo wake wa kike Gwen kwenye huo ugonjwa, wakaunda bendi na rafiki yao John Spence ambaye ndo alikuwa anaongoza kuimba. Desemba 1987 John akajiua, ana miaka 18 tu. Bendi ilibaki kidogo ivunjike. Mwaka huohuo alikuwa kashaingia kijana mwingine wa kupiga besi, Tony Kanal, kazaliwa London kwenye familia ya Kihindi, na Gwen akampenda. Wakawa wapenzi, mwanzoni kwa siri. Tom Dumont wa gita na Adrian Young wa dramu wakafuata, kufika 1989 kikosi kimekamilika.

Hapa nisimame kidogo kwenye ska yenyewe maana bila hii hutaelewa kwanini mwili unafanya unachofanya. Ska imezaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 50, vijana wa Kingston walikuwa wanasikiliza redio za Marekani, wanapiga ile midundo ya weusi wa kule, ila wakahamisha mkazo. Hebu hesabu kwa mdomo: moja na mbili na tatu na nne na. Roki nyingi inakanyaga kwenye namba. Kwenye ska gita linakata kwenye ile "na", chap, chap, chap, fupifupi, mkono unazima nyuzi hapohapo. Kwahiyo mguu wako ukishuka kwenye namba gita linakupokea ukiwa unapanda, na usipoangalia unajikuta unarukaruka bila kuamua. Besi nayo haitulii sehemu moja, inatembea, inapanda na kushuka ngazi. Juu yake unaweka tarumbeta, saksafoni na tromboni. Baadaye Wajamaika wakaipunguza mwendo ikawa rocksteady, wakaipunguza tena ikawa rege, hii rege tunayoijua wote toka utotoni. Yaani ukisikia ska ukahisi kama ni ndugu wa kitu unachokijua, uko sahihi, ni mzazi wake.

Wajamaika waliohamia Uingereza wakaenda nayo, na 1979 kwenye mji wa Coventry vijana weusi na weupe wakaichanganya na punk, ile roki ya kasi na fujo, wakaanzisha lebo ya 2 Tone yenye alama ya vyumba vyeusi na vyeupe kama dirafti. The Specials, The Selecter, Madness pia walianzia kwenye lebo hiyo. Huo ndo mziki uliovuka bahari ukaingia kwenye gereji ya akina Stefani, na wakaupiga kwenye sherehe za watu na kumbi ndogo karibu miaka 8, wanarukaruka na kutoa jasho, kabla mtu yeyote hajavunjwa moyo.

Albamu ya kwanza ilitoka 1992 kwa lebo ya Interscope na haikwenda popote. Kipindi hicho Marekani ilikuwa inataka gita nzito na vijana wenye nyuso za huzuni, nani angenunua tarumbeta. Lebo ikawa inasitasita kuwapa hela, wao wakaendelea kurekodi huku na huko kwa miaka zaidi ya 2, studio hii na ile, prodyuza akiwa Matthew Wilder.

Na katikati ya huo msoto ndo mambo mawili yakatokea. La kwanza Tony akamwambia Gwen basi, tuachane. La pili Eric, kaka wa tumbo moja, yule ambaye bendi nzima ilikuwa imesimama juu ya kalamu yake, akajitoa, akarudi kwenye kuchora katuni kwenye timu ya The Simpsons, ile katuni ya kwenye TV. Watu wanasimulia la kwanza sana na la pili wanalipitia juujuu, mi naona yana uzito sawa. Maana mpaka hapo Gwen alikuwa muimbaji, kaka anaandika, yeye anaimba. Kaka alipoanza kujivuta pembeni ikabidi yeye aandike, na alichokuwa nacho moyoni wakati huo kilikuwa kimoja tu.

Sasa fikiria hali yenyewe. Ametendwa, na aliyemtenda haondoki, yuko palepale mazoezini kashika besi, kesho yupo, keshokutwa yupo. Kwenye bendi ya aina hii besi ndo kitu mwimbaji anachokiegemea. Kwahiyo kila mstari wa kumsema Tony ulikuwa unaimbwa juu ya vidole vya Tony. Sunday Morning ni wimbo wa huo mwachano na Tony mwenyewe ni mmoja wa walioutunga, pamoja na Gwen na Eric! Huu wimbo ndo jibu la swali langu ukiusikiliza vizuri. Adrian anaanza na dramu kama kengele ya shule imegongwa, ska inafumuka, na dada anaimba kwamba zamani huyu mtu alimpigisha magoti ila sasa mambo yamegeuka. Ukiupiga polepole na kinanda peke yake utakuwa wimbo wa kujionea huruma. Kwa mwendo ule wa ska anakuwa ni mtu anatembea haraka huku machozi hayajakauka, na hiyo nadhani kila aliyewahi kuachwa anaijua, ile siku ya kwanza umeamka ukafua nguo na kuosha vyombo kwa hasira.

Halafu wimbo unaofuata, namba 10, ni Don't Speak. Na cha ajabu hauna ska hata chembe. Hamna tarumbeta, hamna zile chap chap, kuna gita la nyuzi laini lenye harufu ya Kihispania na sauti inayokaribia kukatika. Mwanzo ulikuwa wimbo wa mapenzi kabisa, Eric na Gwen waliutunga hivyo, baada ya kuachwa Gwen akabadilisha maneno. Ndo maana melodia yake ina utamu wa mtu anayependwa na maneno yana uchungu wa asiyetaka kusikia sababu. Mimi huu niliusikia kwanza redioni nikiwa mdogo, Kiingereza nilikuwa siokoti hata nusu, na bado nilijua huyu dada kuna kitu kimempata. Kuuweka mara tu baada ya Sunday Morning ni uamuzi mkubwa sana kwangu, kwa sababu umerukaruka nyimbo 9 halafu ghafla mdundo wa kukubeba umeondolewa.

Albamu ilitoka Oktoba 1995 na haikulipuka. Just a Girl ndo ikafungua mlango, Gwen aliiandika na Tom baada ya baba yake kumfokea kwa kuendesha gari usiku akitoka kwa Tony, kisha Spiderwebs, kisha Don't Speak ikamaliza kazi. Desemba 1996, zaidi ya mwaka mzima baadaye, ndo ikakaa namba 1 Marekani, ikakusanya wiki 9 hapo. Don't Speak iliongoza chati ya kupigwa redioni wiki 16, ila kwenye chati kuu ya Billboard haikuonekana kabisa, maana haikuuzwa kama singo na sheria za wakati ule zilitaka iuzwe. Marekani peke yake albamu imethibitishwa kufika nakala milioni 10.

Mafanikio hayo yakaleta jeraha jingine. Magazeti yakawa yanamtaka Gwen peke yake jaladani, wale watatu wanawekwa nyuma au wanakatwa kabisa. Video ya Don't Speak, aliyoiongoza Sophie Muller, imekianika hicho kidonda hadharani, utaona wapiga picha wanamfuata yeye wenzie wakisukumwa pembeni. Kwahiyo wimbo wa kuachana wa watu wawili ukawa pia wa bendi inayokaribia kuachana. Na huku ziara inaendelea, zaidi ya miaka 2 barabarani, kila usiku Gwen anauimba na Tony yuko hatua chache kutoka kwake.

Hata jina la albamu limebeba hayo yote. Disneyland inajiita ufalme wa maajabu, Magic Kingdom, mwalimu mmoja wa Tom utotoni alikuwa anaugeuza anauita ufalme wa msiba, Tragic Kingdom, wakalichukua. Jaladani Gwen kavaa gauni jekundu, kashika chungwa, na nyuma yake kwenye michungwa wenzie wamesimama mbali mbali.

Aprili 2024 walirudi steji pamoja kwenye tamasha la mziki la Coachella, California, baada ya miaka mingi ya kimya. Gwen alikuwa na miaka 54, kila mtu keshaoa na kuolewa kwingine. Walipiga Sunday Morning, walipiga Don't Speak, na mwenye besi alikuwa yuleyule.