Darasa la kliniki limekuingia, au ulikuja kugongewa kadi tu?

Mimi ni nesi wa kliniki ya wajawazito huku Tandahimba. Haya maswali naulizwa kila wiki, nayajibu hapa.

Darasa la kliniki ndo lipi?
Yale maongezi ya asubuhi kuhusu dalili za hatari, mkiwa kwenye benchi kabla ya kupimwa presha na uzito. Anza kliniki kabla ya wiki 12, uhudhurie angalau mara 8, basi.

Sasa nesi unajuaje kama tumeelewa?
Zamani nilikuwa nauliza "mmeelewa?" mnaitikia "ndiyooo", nimemaliza. Kile si kipimo jamani, na kadi kujaa mahudhurio si kipimo pia. Siku hizi nachagua mmoja namuuliza, haya dada, saa nane usiku kichwa kinagonga, macho yanaona nyotanyota, unafanyaje? Juzi mmoja kanijibu "nameza Panadol nalala, asubuhi namwambia mama mkwe", na hilo ni hudhurio lake la tano! Hapo niliyefeli ni mimi, nikarudia somo lote. Kipimo kingine ni saa: ukifika wodini nakuuliza dalili imeanza lini, ukisema juzi, basi darasa halikukuingia.

Si kawaida kuvimba, hasa mimba ya mapacha?
Miguu kidogo jioni, sawa. Ila uso umejaa, vidole mpaka pete haitoki, kichwa hakiachii, macho yana ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, kama umepita wiki 20 hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, yaani 140 kwa 90 kwenda juu, na ikiachwa inaleta kifafa cha mimba. Njoo siku hiyohiyo.

Akianguka degedege si mashetani?
Hapana.

Lakini bibi anasema...
Hapana tena! Mnafukiza ubani, mnamtafuta mganga, masaa yanakwenda, na sindano ya kuzuia degedege iko hospitali haiko kwenye kibuyu. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, usimtie kijiko mdomoni, piga 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura wa wajawazito, ni bure. Dua zitasomwa akiwa wodini, hakuna aliyekataza.

Mume yuko kwenye korosho, nisubiri ruhusa?
Usisubiri! Msimu wa korosho ndo nachoka kabisa, mama anakaa na kichwa siku mbili eti baba watoto yuko mnadani na simu haipatikani. Ruhusa iombwe leo ukiwa mzima, na mpange nani anabaki na watoto, bodaboda yupi, nauli iko wapi. Ndo maana mwanaume akija kliniki namuuliza yeye, mke anyamaze. Kuna mmoja alitaja dalili zote mpaka ya pete, benchi zima likampigia makofi, mkewe akasema, "na pete yenyewe hajaninunulia."