Je, wajua kwa nini breka ya ampea 20 haikati umeme unapofika ampea 20?

Jiko la sahani mbili limewashwa, hita ya ndoo inachemsha maji ya kuoga, na mtu anachomeka pasi. Mambo yanakwenda sawa kama robo saa, kisha nusu ya nyumba inazima. Breka imeshuka. Ukiipandisha inakaa dakika chache na kushuka tena, na hapo hukumu hutolewa papo hapo: breka hii mbovu, tuweke kubwa zaidi.

Hukumu hiyo imejengwa juu ya dhana inayoonekana ya busara kabisa: kwamba namba 20 iliyoandikwa usoni mwa breka ni mpaka, na umeme ukivuka mpaka breka inakata. Kwa dhana hiyo, breka iliyovumilia robo saa ndipo ikakata haina msimamo. Lakini namba 20 si mpaka wa kukata. Ni mzigo ambao breka inaahidi kuubeba siku nzima bila kushuka.

Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa breka za majumbani, IEC 60898, kinaeleza kinachofuata baada ya hapo, na maelezo yake yanashangaza. Mkondo ukifika mara 1.13 ya namba iliyoandikwa, yaani ampea 22.6 kwa breka ya 20, breka hairuhusiwi kukata ndani ya saa nzima. Ukifika mara 1.45, yaani ampea 29, ni lazima ikate, lakini nayo imepewa saa nzima ya kufanya hivyo. Katikati ya 22.6 na 29 kila breka na tabia yake: mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kupishana kwa dakika nyingi na zote zikawa nzima.

Sasa hesabu jiko lile. Sahani mbili wati 2,500, hita ya ndoo 2,000, pasi 1,500: jumla wati 6,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 26. Mzigo umeangukia katikati kabisa ya eneo hilo. Breka ilifanya kazi yake vizuri, tena kwa subira.

Subira hiyo inatoka kwenye kipande kidogo cha bati ndani ya breka, kilichotengenezwa kwa metali mbili tofauti zilizogandishwa mgongo kwa mgongo. Umeme wote wa saketi hiyo hupita humo na kukipasha moto. Metali moja hutanuka kuliko mwenzake, kwa hiyo kipande hujikunja, na kikijikunja vya kutosha hufyatua komeo linaloshikilia springi.

Kielelezo chake kizuri ni sufuria ya maziwa jikoni. Kwa moto mdogo sana maziwa hupata uvuguvugu na kubaki hapo, kwa sababu joto linaloingia ni sawa na linalopotea pembeni. Hayo ndiyo mazingira ya ampea 20. Ongeza moto kidogo, yatachemka na kumwagika, ila baada ya muda. Ongeza zaidi, yanamwagika ukiwa bado unatafuta mwiko. Tena ukiyaepua yakiwa karibu kumwagika na kuyarudisha baada ya dakika mbili, hayaanzi upya, yanafurika upesi. Ndiyo maana breka iliyochukua robo saa mara ya kwanza huchukua dakika tatu mara ya pili: bado ina joto la awali. Iache ipoe dakika kumi kabla ya kupima chochote, la sivyo vipimo vyako vitakudanganya. Joto nalo halipandi sambamba na mkondo. Ampea zikiongezeka kwa asilimia 30, joto huongezeka kwa karibu asilimia 70.

Kwa nini iwekwe kitu kinachosubiri? Kwa sababu waya nao unasubiri. Breka haimlindi aliyeshika pasi, wala hailindi pasi yenyewe. Inalinda waya uliomo ukutani. Waya wa 2.5 (milimita za mraba), unaotumika sana kwenye soketi, ukiwa ndani ya paipu ukutani hubeba takriban ampea 20 hadi 24 bila kudhuru ganda lake la plastiki. Badilisha breka ya 20 uweke ya 32 na utakuwa umeahidi kubeba ampea 36 kwa saa nzima bila kukatwa. Joto la waya linazidi mara mbili, ganda linakauka na kupasuka mahali ambapo hakuna anayeona. Breka kubwa inahitaji waya mnene. Hakuna njia ya mkato hapa.

Kuna visa viwili ambapo breka hushuka ingawa hesabu ya wati iko sawa. Kwanza, vipimo vyote hivyo vimewekwa kwa nyuzijoto 30 za Selsiasi. Sanduku la breka lililobanwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, Dar es Salaam au Mombasa, linaweza kuwa na joto zaidi ya hapo, na maziwa yanaanza yakiwa tayari vuguvugu. Pili, skrubu iliyolegea pale waya unapoingia kwenye breka. Mguso mbaya huzalisha joto, na joto hilo hukikunja kipande kile hata kama mzigo ni mdogo. Dalili zake ni harufu ya plastiki iliyoungua na ganda la waya kugeuka kahawia karibu na skrubu. Hii ni kazi ya fundi, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Shoti ni habari nyingine. Laivu (waya unaoleta umeme) ikigusa nyutro (waya unaourudisha), hakuna muda wa maziwa kuchemka, kwa hiyo breka ina koili ya sumaku inayovuta komeo moja kwa moja, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Herufi iliyo kabla ya namba inaeleza koili inaamka lini: B ni mara 3 hadi 5 ya namba, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Friji na pampu ya maji huvuta mkondo mkubwa zinapoanza kuzunguka, na zinaweza kuishusha B16 bila kosa lolote, ilhali C16 haitikisiki. Kuishikilia kwa kidole isishuke hakusaidii kitu. Ndani inakata hata mkono wa nje ukiwa juu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha uchunguzi ni saa. Chomoa plagi zote za saketi hiyo. Usiishie kuzima swichi. Sukuma breka chini hadi mwisho, kisha juu. Ikishuka papo hapo na hakuna kilichochomekwa, tatizo liko kwenye nyaya au ndani ya soketi: iache chini, mwite fundi. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kinachoishusha mara tu kinapowashwa, kama si friji au pampu inayoanza kuzunguka, kina shoti. Ikishuka baada ya dakika nyingi, vifaa vikiwa kadhaa, jumlisha wati zilizoandikwa kwenye vibao vyake. Kwa breka ya 20 baki chini ya 4,600. Kisha hamishia hita au pasi kwenye soketi za saketi nyingine. Ekstensheni haisaidii, maana inarudi kwenye waya uleule.

Kabla ya yote hayo, tazama ni mkono upi ulioshuka. Kama ni ule mpana wenye kitufe cha majaribio, ambao mafundi huuita RCD, sahau wati. Huo hulinganisha umeme unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ya miliampea 30 tu huuangusha. Ndio unaomlinda mtu. Mara nyingi mshukiwa ni hita ya maji ambayo bomba lake la kupashia joto limepata ufa, au pasi ya zamani, au taa ya nje iliyoingiwa na mvua. Shusha breka ndogo zote, pandisha RCD, kisha zipandishe moja moja hadi mhusika ajitaje.

Ila wakati mwingine RCD hushuka hata breka ndogo zote zikiwa chini. Breka nyingi za nyumbani hukata laivu peke yake, na nyutro hubaki imeungwa. Nyutro ikigusa waya wa eathi (unaokwenda ardhini) popote ndani ya nyumba, sehemu ya umeme wa saketi yoyote, hata isiyo chini ya RCD hiyo, hupata njia ya pembeni ya kurudia. Hapo fundi atalazimika kufungua nyutro mojamoja kwenye sanduku na kupima kila moja dhidi ya eathi kwa mega, kifaa cha kupima uzima wa ganda la waya, ya volti 500. Iliyo salama husoma megaomu 1 au zaidi.