Usipime Ukavu wa Kambare kwa Mkia

Kambare wa Bwawa la Mtera aliyekaushwa kwa moshi anaweza kuwa mkavu mkiani na bado mbichi tumboni. Mkia ni mwembamba na una mafuta kidogo, hivyo hukauka kwanza. Kagua tumbo na nyama nene ya nyuma ya kichwa.

Protini katika nyama ya samaki haibadiliki sana: mara nyingi ni asilimia 16 hadi 20. Maji na mafuta ndivyo hupokezana nafasi. Mafuta yakiongezeka maji hupungua, na vyote viwili pamoja hukaribia asilimia 80. Minofu ya perege ina mafuta machache, kwa kuwa mengi hukaa kuzunguka utumbo na hutupwa wakati wa kumsafisha. Samaki aliyetoka kutaga huwa amekonda, na nyama yake ina majimaji zaidi.

Ndani ya samaki mmoja, mafuta hujaa kwenye kuta za tumbo, chini ya ngozi, na katika ukanda wa nyama nyekundu unaopita ubavuni hadi mkiani. Ukanda huo ndio hatari zaidi: una madini ya chuma yanayoharakisha mafuta kuchacha yakipata hewa.

Kwa hiyo mpasue kambare mkubwa kupitia mgongoni, mfungue abaki bapa, kisha zichanje sehemu nene. Mafuta huchelewesha chumvi kuingia na maji kutoka, basi tumbo lipewe muda zaidi. Anza na moto mdogo. Moto mkali wa mapema hukausha ganda la nje, maji yakabaki ndani, na samaki huozea humo huku akionekana mzuri kabisa.

Mizani husema kweli kuliko vidole. Kilo 1 ya minofu ya perege yenye maji asilimia 80 ina gramu 200 tu za vitu vikavu. Ikikaushwa hadi maji yabaki asilimia 15, kiwango ambacho kuvu huota kwa shida, inapaswa kubaki na gramu 235 hivi. Ikiwa bado ni gramu 300, theluthi moja ya uzito huo ni maji: irudishe chanjani.

Kwenye ukungu na mvua za Tukuyu, samaki mkavu hunyonya unyevu tena, mfunge vizuri. Vipande vya tumbo viuzwe kwanza, maana hata kwenye friza mafuta huendelea kuchacha polepole. Ukivigandisha, vifunge kwenye plastiki iliyobanwa hewa yote ikatoka.