“Soma tena mpaka iingie”: tunayoyaamini kuhusu ubongo wa mtoto

Binti wa kaka yangu, hapa Ujiji, yuko darasa la saba. Juzi jioni nilimkuta barazani na daftari la sayansi mapajani, anasoma mmeng'enyo wa chakula kwa sauti, mara ya nne au ya tano. Nikalichukua daftari nikalifunga. Haya, utumbo mwembamba una kazi gani? Akatazama paa, akacheka: “Shangazi, nilikuwa nayajua sasa hivi!”

Dhana hiyo ndiyo inayotugharimu kuliko zote, kwamba somo likirudiwa mara nyingi litaingia lenyewe. Maandishi yakizoeleka machoni, mtoto hudhani ameyajua. Lakini kulitambua jibu ukiliona ni kazi moja, kulitoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni kazi nyingine, na mtihani unadai hiyo ya pili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, huku waliosoma mara moja kisha wakajipima mara tatu wakikumbuka asilimia 61. Na hawakuwa wameonyeshwa majibu.

Kila jambo linapochotwa kumbukumbuni, linakuwa rahisi kuchotwa tena. Likiachwa siku mbili tatu, likaanza kufifia, kisha likachotwa, linakaa zaidi kuliko kukesha nalo usiku mmoja. Kwa hiyo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusaidia, huku anachambua dagaa: “Leo mmefundishwa nini? Nieleze na mimi nielewe.” Mjukuu akikwama, amejua pa kurudia.

Dhana nyingine ni kwamba anayelala hafaulu. Tuisheni mpaka usiku, kisha saa kumi alfajiri mtoto anaamshwa adurusu. Usingizi si muda uliopotea; ndipo ubongo unapoyapitia upya ya mchana na kuyaweka yakae. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Hebu hesabu za kwako.

“Huyu hesabu haziwezi, ni wa ubongo wa kulia.” Yaani eti kuna watu wanaotumia zaidi upande wa kulia wa ubongo, na wengine wa kushoto. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu 1,011, wasione watu wa kulia wala wa kushoto. Lugha huegemea zaidi upande wa kushoto kwa wengi wetu, hilo kweli, ila kila mtu anatumia pande zote mbili. Tuliache hapo.

La Kiha, lugha yetu ya huku Kigoma, linaniuma zaidi. Wazazi wanaambiwa waache kukiongea nyumbani, eti kinamchanganya mtoto asishike Kiswahili. Mtoto mdogo anaweza kubeba lugha mbili bila shida. Akichomeka neno la Kiha katikati ya sentensi ya Kiswahili, ametumia alilokuwa nalo karibu, kama tunavyofanya wakubwa kila siku sokoni Mwanga.

Na kichwa cha samaki, je, kinaongeza akili? Samaki ni chakula kizuri, sina ugomvi naye, ila hajawahi kumfundisha mtu kugawanya sehemu. Cha kuangalia jikoni ni chumvi. Hata sisi tulio jirani na Uvinza, kunakotengenezwa chumvi tangu enzi za mababu, tuhakikishe imewekwa madini joto. Mama mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa, na pengo hilo viboko haviwezi kuliziba. Viboko vyenyewe, kwa mtoto yeyote, huhamisha mawazo ubaoni yakaenda kwenye fimbo.

Jumapili nilimuuliza tena binti yangu habari za utumbo mwembamba. Akajibu bila kusita, kisha akanigeuzia kibao: “Na kongosho, shangazi?” Nikanyoosha mkono kuomba daftari. Akalificha mgongoni.